Mitumbwi 12 si mitumbwi 24

Ndugu Mhariri,

Wanaolinganisha taa za karabai na za sola kwenye uvuvi wa dagaa huku Mwanza huteleza mapema. Mitumbwi 12 ileile inajaribu taa zote mbili, kisha kilo zinachambuliwa kana kwamba mitumbwi ni 24. Hizo ni sampuli za jozi: kwa kila mtumbwi, toa kilo za karabai kwenye kilo za sola, halafu zipime tofauti hizo 12 kwa jaribio la t (kipimo cha kuona kama wastani wa tofauti uko mbali na sifuri kuliko bahati tu), digrii za uhuru 11, yaani idadi ya tofauti kutoa moja. Vinginevyo, tofauti za nahodha na nahodha zitaifunika athari ya taa. (Usiku wa mbalamwezi usilinganishwe na wa giza!) Sampuli huru ni pale kila mtumbwi unapopewa taa moja tu, kwa kura. Na namba za mitumbwi zisipoandikwa, jozi haziunganishiki tena.

Wakufunzi wa takwimu,
Mwanza