Risala ya wanakikundi wa hifadhi ya ufukwe, Pangani, kwa Mgeni Rasmi katika kilele cha Wiki ya Maji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu,
Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri na Waheshimiwa Madiwani,
Wataalamu wa maji, ardhi na mazingira,
Viongozi wa dini, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Karibu sana Pangani. Umekuja Machi, mwezi wa bamvua kubwa, maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida, kwa hiyo mengine tutakayoyasema bahari itakusimulia yenyewe maji yakijaa.

Kikundi chetu kina wavuvi, akina mama wakaushaji dagaa, vijana wa bodaboda na walimu wachache. Tunaotesha mikoko kando ya mto na mivinje ufukweni, na kazi kubwa kuliko kupanda ni kuilinda miche isiliwe na mbuzi. Hatutakusomea orodha ya mafanikio. Miche utaonyeshwa, iliyoshika na iliyokufa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Serikali ilitujengea ukuta wa kuzuia bahari, na kwa hilo tunashukuru bila kumung'unya maneno. Mji huu una majumba ya karne ya 19 yaliyo karibu mno na maji. Lakini ukuta nao unataka mtu wa kuutazama. Wimbi likigonga zege halifi, linarudi, na likirudi linachimba mchanga chini ya msingi na pembeni pale ukuta unapokoma. Tunaomba fundi aukague kila baada ya bamvua kubwa, kwa sababu ufa mdogo unaozibwa mwezi huu haulingani kwa gharama na kipande kitakachoanguka mwakani.

Jambo lililotuleta mbele yako hasa ni hili: ufukwe wetu haupotei kwa sababu ya bahari peke yake. Mchanga wa hapa mtoni unapoingia baharini huletwa na mto. Mto wa Pangani unaanzia Kilimanjaro na Meru, na kabla haujatufikia umeshapita bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, umenywesha mashamba, umezungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya maporomoko ya Pangani. Mchanga unaotua bwawani haufiki kwetu. Hatusemi bwawa libomolewe. Hata sisi tunawasha taa. Tunasema anayehesabu mawe ya ukuta huku chini na anayegawa vibali vya maji kule juu wanashika ncha mbili za mto mmoja, nasi hatujawahi kuwaona wameketi pamoja.

Na maji yenyewe yakipungua, bahari hupanda mtoni. Msimu wa kaskazi ukiwa mkavu, mkulima wa kando ya mto anaionja chumvi mahali ambapo babu yake alikuwa akinywa. Visima vifupi navyo vinabadilika. Mama wa pwani hahitaji maabara: akipika maharage yanagoma kuiva, akichemsha chai hakuna sukari itakayoificha ile ladha. Hapo ndipo anaanza kununua maji ya madumu.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatupa moyo. Imeyaweka maji yote mikononi mwa umma, chini ya Rais kama mdhamini, na imepanga nani atangulie: matumizi ya nyumbani kwanza, kisha maji ya kubaki mtoni kwa ajili ya mazingira, ndipo zije shughuli nyingine. Kwa maneno mengine, mto una fungu lake kabla ya shamba na mtambo. Tunachoomba ni kusomewa hilo fungu. Kila kiangazi, Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani itutangazie hapa hapa, kwenye mbao za matangazo za vijiji, maji kiasi gani yameachwa yafike baharini. Mvuvi wa kamba anaielewa takwimu hiyo vizuri kuliko mnavyodhani.

Kuhusu mita 60, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya umbali huo kutoka ufukweni na kingo za mito. Tatizo ni kwamba hakuna anayejua mita hizo zinahesabiwa kuanzia wapi, maana ufukwe wenyewe unahama. Tuliandika barua kuomba vigingi. Ofisi moja ikasema ufukwe si wake, ya pili ikaturudisha kwa ya kwanza. Wakati barua ikizunguka, msingi wa nyumba mpya umemwagwa na mchanga unapakiwa usiku. Vijana wanaoupakia ni wetu, na wanalipwa fedha taslimu. Kuwafukuza mara moja kwa mwezi hakutoshi kama hawana pengine pa kuchimba panaporuhusiwa.

Wapo watakaosema tunatia chumvi. Tunawaomba waulize habari za Maziwe. Kilikuwa kisiwa chenye miti, kasa wakitaga juu yake. Miti ikakatwa, mchanga ukakosa cha kuushika, na ilipofika miaka ya mwanzo ya 1980 kisiwa hakikuwapo tena. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakitoka. Kasa bado wanakuja, ila mayai yao hayana budi kuhamishiwa bara yasizame. Na Maziwe tayari ilikuwa imetangazwa hifadhi mwaka 1975. Tangazo lilikuwepo, mlinzi wa miti hakuwepo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi letu ni kikao kimoja, chini ya uenyekiti wako, kabla upepo wa kusi haujashika nguvu. Wakae watu wa bonde, wa maji vijijini, wa ardhi, wa mazingira na wa umeme, nasi tupewe viti viwili nyuma. Vigingi vipigwe tukiwepo. Sehemu ya kuchimba mchanga itajwe kwa jina. Visima vya karibu na ufukwe vipimwe chumvi kiangazi na masika, majibu yaachwe kijijini.

Sisi tutatoa nguvukazi, mitumbwi, na miche ya mikoko iliyopo kitaluni.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.