Risala ya Kikundi cha Wafugaji wa Ng'ombe wa Maziwa, Lushoto, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa serikali na wa dini, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na wewe kwa kukubali kupanda milima hii ya Usambara kuja kutusikiliza.

Kikundi chetu kilianzishwa na akina mama wachache kwa utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Leo kinafahamika wilaya nzima. Mafanikio ni makubwa: tuna akaunti benki, tuna daftari la maziwa, kingo za matuta tumezipanda majani ya malisho, yaani majani ya tembo na guatemala, na tuna shamba darasa la kupigiwa mfano.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shamba hilo umelikagua. Ni mistari ya majani ya tembo, na katikati yake desmodiamu. Majani ya tembo yakikomaa hubaki mashina. Ng'ombe anashiba, lakini protini ni haba na maziwa yanashuka. Desmodiamu ni jamii ya mikunde. Mizizi yake ina vinundu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, hivyo udongo unarutubika, na majani yake yana protini nyingi. Tukimpa ng'ombe mafungu matatu ya majani ya tembo na fungu moja la desmodiamu, tunapunguza mashudu, ambayo kiangazi bei yake hatuiwezi.

Kilio chetu ni mbegu. Maduka ya pembejeo ya hapa hayana. Tumekuwa tukikata vipando shambani humo na kugawana, lakini tukizidi kulikata litakufa.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Mgeni wetu aliyetangulia aliahidi mbegu mbele ya umati huu, tukampigia vigelegele. Akina mama wakalima, wakalainisha udongo kama mtaalamu alivyoelekeza, maana mbegu zenyewe ni ndogo sana. Masika ikaisha, yakaota magugu. Tuliandika barua ya kukumbusha, nakala tumeiambatanisha. Tunatambua kuwa majukumu ya viongozi ni mengi.

Kwa heshima na taadhima tunaomba mbegu za desmodiamu kwa kila mwanachama, zifike kabla ya masika. Tunaomba pia, kabla hujaondoka, ututajie tarehe na jina la mtumishi wa kumfuatilia. Katibu wetu ameketi hapo mbele na daftari, tayari kuandika.

Tunaomba kuwasilisha.