Mwambie baba Junior asubiri nije Jumamosi

Mbukwa shoga yangu Rehema,

Voisi yako ya jana nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho nilikuwa nimekaa uani mbwa wangu Popi kalala miguuni kwangu, nikaona bora niandike maana kwenye simu ningelia. Unasema mbwa wenu Simba kamrukia tena kijana wa magunia na baba Junior kashaongea na mtu wa kunyoosha mbwa aje na cheni ya miiba na fimbo, siku tatu tu mbwa anakuwa na adabu. Shoga nakuomba, mwambie asubiri kwanza.

Ya Popi sijawahi kukuhadithia yote. Tulipohamia huku Nkuhungu alikuwa akisikia bodaboda imesimama getini ananguruma, nywele za mgongoni zinasimama, na sisi kwa kuona aibu kwa majirani kila akinguruma anakula fimbo, ikikosekana fimbo ndala. Baada ya kama mwezi akanyamaza kabisa, tukajisifu kweli kweli, mbwa kashaelewa. Bas jioni moja kijana wa boda katuletea mtungi wa gesi, Popi kakaa pembeni kimya, mara kamng'ata mguuni. Yule kijana kitu cha kwanza alichosema ni "mbona hata hajanguruma dada?" Hilo neno mpaka leo linaniuma. Tukamuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, tukamkimbiza hospitali kuanza sindano za kichaa cha mbwa, maana ule ugonjwa dalili zikishaanza ni kifo, sio kitu cha kusema ngoja tuone kesho. Popi alikuwa na chanjo na kadi yake ipo ila bado sikulala.

Sisi ndo tulimfundisha kunyamaza Rehema. Uoga wake ulibaki palepale, tulichomnyang'anya ni sauti tu. Mbwa akinguruma anakwambia nimeogopa, sogea, sasa ukimchapa kwa hilo siku nyingine harudii kukwambia, anaenda moja kwa moja kwenye meno. Afu fikiria upande wake, boda inakuja, yeye anaumia, kesho boda inakuja, anaumia tena, atajua nini zaidi ya kwamba boda ndo inaleta maumivu?

Daktari wa mifugo aliyekuja kumuangalia ndo alinifungua macho. Akanisimulia habari za yule mwanasayansi wa Urusi, Pavlov, aliyepata Nobel mwaka 1904 kwa kazi zake za mmeng'enyo wa chakula, kwamba mbwa wake walikuwa wakishazoea mlio fulani unakuja kabla ya chakula basi wakiusikia tu mate yanatoka. Akasema mama, mwili wa Popi unajifunza hivohivo, boda ikisikika anajiandaa kupigwa, wewe fanya ajiandae kula.

Tukaanza na maini. Nachemsha bila chumvi, nakata vipande vidogo kama punje ya hindi, natoka na Popi kwa kamba mpaka kule uwanjani ambako boda zinapita mbali, anaziona ila hatetemeki. Boda ikitokea, ndo anapata ini, ini, ini, ikipotea na maini yanaisha. Mpangilio ndo huo, boda kwanza afu chakula, ukianza kutoa chakula kabla atakuwa anaogopa hadi hicho chakula. Na umbali ndo kila kitu shoga. Siku moja mdogo wangu kwa haraka zake akaleta pikipiki karibu, Popi akakataa hata ini la puani, akawa anajilamba midomo, anapiga miayo, macho yanaonyesha weupe, mkia kauficha. Kumbe hizo zote ni lugha, mimi miaka yote nilidhani miayo ni usingizi. Mbwa wa maini akikataa maini ujue umemsogeza sana, rudi nyuma bila kumfokea. Tulirudi nyuma kama wiki nzima ivi.

Ilichukua miezi minne na sikudanganyi, mpaka leo sio kwamba anazipenda boda. Ila ikisimama getini ananigeukia mimi ananiangalia usoni, na mgeni akija namfungia banda la nyuma na mfupa wake, simwachii mtoto peke yake hata dakika.

Sasa wa kwako. Simba kafungwa mnyororo mfupi palepale getini kuanzia asubuhi, na Kibaigwa yenu wakati wa mahindi ni malori usiku na mchana, wapagazi, honi, vumbi, hana pa kukimbilia wala pa kujificha, kwaiyo kabakiwa na kuruka tu. Kabla hujafanya chochote mhamishie nyuma ya nyumba mbali na barabara, kwenye kivuli na maji, leo leo kama inawezekana. Hilo pekee litakupa nafuu. Afu mwite daktari wa mifugo, maana umesema kabadilika ghafla tangu mwezi uliopita, na mbwa mwenye jino bovu au sikio linalouma anakuwa mkali bila sisi kujua, na kadi ya chanjo iangalie tarehe vizuri, isipite mwaka.

Baba Junior anaogopa mbwa wa ulinzi akipewa maini atakuwa laini, hata baba watoto wangu alisema ivo ivo. Popi usiku akisikia hatua ukutani anabweka mtaa mzima unaamka, hajapoteza kitu. Ila kijana wa magunia mchana sio mwizi, ni mtoto wa mtu anatafuta hela, akiumia ni nyie mtalipa na Simba atauawa, na mimi Simba nimemjua tangu anaingia kwenye kikapu.

Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Nikishuka stendi ntakupigia, usimfungulie, usimshike ukanda wala kumwambia nyamaza, mwache huko nyuma na kamba ndefu, mimi ntasimama mbali kabisa karibu na ule mwarobaini. Wewe uwe na kibakuli mkononi, akiniona tu umpe. Maini ntakuja nayo yameshachemshwa.