Kikao ni Jumamosi, sio Jumapili tena

Habari za jioni wapendwa, poleni na majukumu.

Kikao nimekisogeza kije Jumamosi hii saa kumi jioni, palepale Mwanga sokoni, maana Jumapili wengi tunashuka mwaloni Kibirizi kufuata mzigo wa dagaa. Mada ni jinsi tunavyoongea kazini na majumbani. Jamani mi iliniuma, mwenzetu kaandika tu "sawa" humu kwenye grupu, mwingine kaona ni dharau, siku tatu meza ziko jirani hawasalimiani, kumbe mtu alikuwa anapima dagaa mkono mmoja simu mkono mwingine! Angeulizwa tu "dada ulimaanisha nini" yangeisha palepale.

1. Mchango 3,000 ya chai na maandazi, mwisho Alhamisi usiku, mpeni mtunza hazina.
2. Kila mtu aje na neno moja alilomwambia vibaya mteja, bosi au mwenza wake, tutakaa wawili wawili, mmoja anaongea mwenzie anasikiliza bila kumkatiza halafu anarudia alichosikia. Hii ndo naitaka zaidi.
3. Majamvi naleta mimi.

Naombeni kila mtu ajibu hapa "nakuja" au "siji" kabla ya Alhamisi, dole gumba peke yake sitajua unamaanisha nini.