Yah: Kidani cha vito vya kioo kilichoharibikia mikononi mwenu

Kwa Meneja, Idara ya Usafishaji na Ukarabati wa Vito

Ndugu Meneja,

Nilikabidhi kwenu kidani cha karne ya 18 kikiwa kizima, kimeshika vumbi tu. Nimerudishiwa kidani ambacho karibu nusu ya vito vyake vimekuwa vya kijivu, vingine vina madoa meusi. Mhudumu wenu alinijibu kwamba vimechakaa kwa umri. Umri haufanyi kazi hiyo kwa siku chache. Vimeingia maji.

Kwenye stakabadhi, mpokeaji wenu aliandika kwa mkono wake: "kioo, si almasi, nyuma kumezibwa." Maneno hayo yalitosha kumzuia fundi yeyote anayevijua vito hivi. Kioo chake kimechanganywa na madini ya risasi ili king'ae, na kila kipande kimekalishwa ndani ya kikombe cha fedha kilichozibwa nyuma. Kati ya kioo na fedha kuna bamba la metali jembamba mno, ndilo linalorudisha mwanga. Maji yakipenya pembeni hayana pa kutokea, na bamba huliwa na kutu. Fundi wenu alikiri kwamba alikitumbukiza kwenye mashine ya mawimbi ya sauti, pamoja na pete za almasi za wateja wengine. Mtikisiko wa mashine ile huyasukuma maji hadi pasipofikika kwa kitambaa.

Kidani hiki kilitaka brashi laini, kavu, na mkono usio na haraka. Basi.

Kilichonikera zaidi ni kuambiwa "hata hivyo ni kioo tu." Georges Frédéric Strass, aliyesifika Paris kwa vito vya namna hii, alifanywa sonara wa mfalme wa Ufaransa mwaka 1734. Sidhani kama mfalme aliambiwa hivyo.

Halafu kuna ile kadi ya matunzo mliyoniwekea kwenye kisanduku. Inashauri kuloweka vito katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha kuvisugua kwa dawa ya kung'arishia fedha. Kwa almasi iliyo wazi nyuma, kuloweka hakuna neno. Kwa kioo cha kale, mteja atakayeitii kadi hiyo ataharibu nyumbani kile mlichobakiza. Tena kioo hiki ni laini, hata vumbi lenye mchanga hukikwaruza likisuguliwa.

Naomba mnirudishie malipo yote ya usafishaji na mgharamie mkarabati wa vito vya kale nitakayemchagua mwenyewe. Msikiguse tena kidani hiki, wala msijitolee kubadilisha vioo kwa vipya, sitakubali. Kadi hiyo iondolewe kwenye visanduku vya vito vilivyozibwa nyuma.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nimeambatisha nakala ya stakabadhi pamoja na picha za kidani kabla na baada ya kazi yenu.

Wasalaam,
Mteja wenu