Kwa nini kitambaa cha nili kinapaka, na kwa nini bei yetu haishuki

Lalamiko ni lilelile: "Bluu yenu ghali." Juzi dada mmoja aliyetukimbia kwa sababu ya bei alirudi na shuka iliyotiwa rangi kwingine kwa mchovyo mmoja. Imepaka kochi lake jeupe, na anataka tumtengenezee bure. Hapana, dada.

Nili, ndiyo rangi yetu ya bluu, haiyeyuki majini. Pipani tunaiwekea haidrosi (kemikali ya kuondoa oksijeni) na kostiki (soda kali) ili iyeyuke, mpaka maji yawe ya manjano-kijani na juu yatande utando wa rangi ya shaba. Kitambaa kikitoka ni kijani; kikipigwa na hewa dakika chache kinageuka bluu machoni pako. Bluu nzito haipatikani kwa kukoroga rangi nyingi pipani. Inapatikana kwa kuchovya na kuanika, kuchovya tena na kuanika tena. Ukilazimisha mara moja, rangi inakaa juujuu, na kila ukikaa inabaki kwenye kochi. Siki na chumvi hazisaidii, hata kama jirani ameapa. Pesa uliyookoa unampa fundi wa makochi.

Bluu haijawahi kuwa rahisi. Ulaya waliipata kwenye wodi, mmea wa jamii ya kabichi, wenye rangi ileile ya nili ila kidogo sana kwenye jani. Kule Toulouse, Ufaransa, majani yalisagwa, yakafinyangwa mabonge na kukaushwa, kisha yakavunjwa, yakaloweshwa na kuachwa yachache upya kwa wiki kadhaa kabla mtia rangi hajayagusa. Wafanyabiashara wake walijenga majumba. Jumba la mmoja wao, Pierre d'Assézat, lililoanza kujengwa 1555, limesimama mpaka leo. Nili ya India, yenye rangi nyingi zaidi, ilipoanza kumiminika kwa meli, wenye wodi walilia hadi mfalme Henri IV akaweka adhabu ya kifo kwa atakayeitumia, mwaka 1609. Haikusaidia. Baadaye nayo nili ya shambani ikazidiwa na ya kiwandani, iliyoingia sokoni 1897, na ndiyo iliyo kwenye jinzi yako.

Sisi tunatumia ya kiwandani. Ya majani kwa anayeiagiza na kukubali bei yake. Kazi ya pipani ni ileile.

Kitambaa chetu kifue peke yake mara za mwanzo, kwa maji baridi na sabuni laini, ukianike kivulini. Maji yakiwa bado ya bluu baada ya kufua mara ya nne, kirudishe tukichovye upya bila malipo.