Barua ya Wazi kwa Waziri: Wanaovunja Mabegi Yetu Hawalipi

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya usafiri wa anga,

Uwanjani kwetu ni shirika moja tu la umma lenye kibali cha kupakia na kupakua mizigo ya abiria. Malalamiko unayajua: ndege imetua zamani, mkanda hauzunguki, mabegi yakitokea, zipu imefumuka, gurudumu limeng'oka, kufuli halipo. (Au pengine umesimuliwa tu, maana ninyi mna mlango wenu.) Sitayarudia. Ninachouliza ni nani anayelipa.

Kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, abiria wa safari ya kimataifa hulidai shirika la ndege, si waliolirusha begi lake. Mzigo ukiharibika ana siku 7 za kuwasilisha madai kwa maandishi. Ukichelewa, siku 21 tangu aupokee. Shirika la ndege likishalipa, nalo hukwama: mikataba ya kawaida ya huduma za uwanjani humkinga mpakuzi, yaani shirika linalopakia na kupakua mizigo, asidaiwe, mpaka ithibitike alikusudia au alizembea kupita kiasi. Kwingine, shirika lililochoshwa humhama mpakuzi huyo. Hapa lihamie kwa nani? Ndiyo maana barua zetu hazijibiwi. Begi likivunjika, shirika lako la upakuzi halipungukiwi hata senti.

Vijana wanaobeba siwalaumu sana. Hao hutumwa wachache kwa ndege mbili zilizotua pamoja, na lawama zote huwashukia wao.

Umoja wa Ulaya ulilishughulikia jambo hili mwaka 1996: katika viwanja vikubwa, nchi ikiweka kikomo cha wapakuzi wa mizigo, wasipungue wawili, na mmoja wao asiwe chini ya mwenye uwanja. Sisemi uza shirika. Libaki la umma, ila lipate mwenzake.

Wakati hilo likisubiri, itisha kumbukumbu. Tangu Juni 2018 mashirika ya ndege yaliyo wanachama wa IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, yanatakiwa kufuatilia kila begi linapopokewa, linapopakiwa, linapohamishiwa ndege nyingine na linapokabidhiwa. Zitazame, kisha utangaze kila mwezi begi la kwanza na la mwisho huchukua dakika ngapi kufika.

Na kibali cha shirika hilo kikikaribia kwisha, usikihuishe kimya kimya. Itisha zabuni, na kifungu cha fidia kiandikwe kabla ya saini yako.

Wako,
Abiria